Anapokuomba Samahani: Mwongozo wa Kusoma Usanifu wa Violesura Chuoni

Usiku mmoja jirani yangu, mama mtu mzima, alinigongea mlango. Umeme ulikuwa umemwishia. "Mwanangu, hebu njoo uniingizie luku, imenishinda." Nilipofika nikaona ilivyokuwa. Mita iko juu ukutani, na kigoda kiko chini yake. Simu yake ndiyo yenye ujumbe wa namba za umeme, na hiyohiyo ndiyo tochi. Akiigeuza amulike vitufe, namba hazioni. Akiigeuza asome namba, vitufe viko gizani. Alikuwa amejaribu mara tatu, na kila mara alifika katikati, kioo cha simu kikazimika, na alipokiwasha hakujua tena ameishia wapi.

Nilimwingizia, taa zikawaka. Akaniambia, "Samahani kwa usumbufu, mwanangu. Sisi wengine hatukusoma."

Mama huyu ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake mtaani. Anajua nani anadaiwa nini tangu mwaka jana bila kufungua daftari. Hakuna namba inayomshinda duniani. Kilichomshinda ni kazi iliyopangwa kana kwamba binadamu ana mikono mitatu. Lakini aliyeomba radhi ni yeye.

Nimefundisha somo la mwingiliano wa binadamu na kompyuta kwa miaka kadhaa, na kila muhula naanza na kisa hiki. Wanafunzi wengi huja wakidhani watafundishwa kupanga rangi na kuchagua maumbo ya vitufe. Hayo yapo, lakini ni machache. Kiini cha somo ni kuisikia ile samahani, kuandika ilisemwa wakati gani, na kukataa kuipokea kama maelezo ya kilichotokea. Hatua zinazofuata ni za mradi mmoja wa muhula mmoja, na nitautumia mfano wa namba za umeme mwanzo hadi mwisho. Unaweza kuzifuata hata kama chuo chako hakina somo hili.

Hatua ya 1: Chagua kazi ndogo iliyo jirani nawe

Vikundi vingi huanza na ndoto ya programu ya kuwaunganisha wakulima wa nchi nzima. Kufikia wiki ya nane hawajakutana na mkulima hata mmoja. Chagua kazi ambayo mtu huimaliza ndani ya dakika 10, na ambayo unaweza kuishuhudia ikifanywa wiki hii, kwa nauli yako mwenyewe. Mteja anatoa pesa kwa wakala. Mama anasoma tarehe ya kurudi kliniki kwenye kadi ya mtoto. Mwanafunzi mwenzako anatafuta matokeo yake kwenye mfumo wa chuo. Mtu anaingiza namba za umeme kwenye mita, zile tarakimu 20 ambazo Mtanzania huziita luku na Mkenya huziita tokeni.

Mhadhiri akikuambia kazi ni ndogo mno, mwonyeshe hesabu utakayoifanya katika hatua ya tano.

Hatua ya 2: Soma kidogo, lakini kwa mpangilio

Anza na Donald Norman, kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku. Ndani yake utakutana na mabonde mawili. La kwanza liko kati ya kile mtu anachotaka na kile chombo kinachomruhusu kufanya. La pili liko kati ya kile chombo kinachoonyesha na kile mtu anachokielewa. Jirani yangu alitaka mwanga, lakini chombo kilitaka tarakimu 20 bila kosa: hilo ni bonde la kwanza. Alipokosea, mita ilimwonyesha neno fupi asilolifahamu, na hakujua kama ni namba zilizokataliwa au ni mita iliyoharibika: hilo la pili. Kila tatizo utakaloliona, jiulize liko bonde gani. Swali hilo peke yake litakupa nusu ya uchambuzi wako.

Kisha soma habari za Alphonse Chapanis. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, halafu wakakunja magurudumu ndege ikiwa bado iko juu ya njia ya kurukia. Ripoti zilisema ni makosa ya rubani. Chapanis, mwanasaikolojia wa jeshi la anga, alikwenda kutazama chumba cha rubani akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya mabawa madogo ya kutulia ziko bega kwa bega, zinafanana kabisa. Akapendekeza ya magurudumu iwekwe kishikio chenye umbo la gurudumu, na ile nyingine chenye umbo la kabari, mkono uzitambue bila jicho. Marubani hawakuwa wazembe. Walikuwa wamechoka, mbele ya swichi mbili pacha.

Baada ya hapo soma kanuni 10 za Jakob Nielsen za mwaka 1994. Zinaenea kurasa chache tu. Uzinakili kwa mkono. Kitabu kizito cha Card, Moran na Newell cha mwaka 1983, kinachopima vitendo vya mtumiaji kwa sehemu za sekunde, kiache mpaka mwaka wa tatu. Na usiishie kwenye vitabu vya Marekani. Gary Marsden wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliandika na Matt Jones kitabu cha usanifu wa simu za mkononi mwaka 2006, na alisisitiza kwamba Afrika si mahali pa kuletewa violesura vilivyokwisha kuchongwa. Mwaka 2016 watafiti wa fani hii barani walifanya mkutano wao wa kwanza wa AfriCHI jijini Nairobi. Makala zake zitakusaidia zaidi ya vitabu vingi vya kiada, kwa sababu watu waliomo wanatumia simu kama watu wako wanavyozitumia.

Hatua ya 3: Omba ruhusa

Chukua barua ya utambulisho chuoni, na kama utaingia nyumba za watu, pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zisome, au angalau soma sehemu ya ridhaa. Mweleze mtu kwa maneno yake unachofanya, utahifadhi nini, na kwamba anaweza kuacha wakati wowote bila kukuudhi. Piga video ya mikono, acha sura. Na kama kazi yako inahusu pesa, geuza uso mtu anapoingiza namba ya siri. Usiitazame, usiiandike, usiirekodi hata kwa bahati mbaya. Kijana aliyeaminiwa kukaa karibu na simu ya mtu asiichezee imani hiyo.

Hatua ya 4: Kaa, tazama, nyamaza

Nenda wakati kazi inapofanyika kweli. Ukimwomba mtu akuonyeshe jinsi ya kuingiza luku saa 4 asubuhi, mwanga umejaa na hana haraka, atakuonyesha kazi nyingine kabisa. Ongea na watu wakuite umeme unapokaribia kuisha, hata kama ni saa 3 usiku.

Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: anachofanya, anachosema, na vilivyoko pembeni. Safu ya tatu wanafunzi huiacha tupu, nayo ndiyo yenye utajiri. Namba zilizoandikwa kwa mkaa ukutani karibu na mita. Kipande cha boksi kilichonakiliwa namba kwa peni, kwa sababu kioo cha simu huzimika na karatasi haizimiki. Mtoto wa darasa la tatu aliyeitwa asome kwa sauti, "Nne, saba, sufuri, moja," huku mama akibonyeza. Hivyo vyote ni usanifu. Watu wameshatengeneza kiolesura chao wenyewe, na kazi yako ni kukisoma kabla hujaleta chako.

Weka alama ya S kila mtu anaposema samahani, au anapojicheka, au anaposema "mimi haya mambo siyawezi". Usimkatize kumfariji. Andika S na dakika. Jioni utakaporudi bwenini, S zitakuonyesha mahali pa kuchimba.

Maswali yaache mpaka kazi iishe, na usiulize "Ungependa iweje?" Ukimuuliza mtu mzima swali hilo atakujibu kwa heshima kwamba iko vizuri tu, mwanangu. Uliza, "Nieleze mara ya mwisho ilipokusumbua." Hapo utapata kisa chenye siku, saa, na mtu aliyemwomba msaada.

Hatua ya 5: Ivunje kazi vipande vipande, uhesabu

Andika kila kitendo, hata kile kinachoonekana cha kipuuzi. Kwa namba za umeme utapata hivi: fungua ujumbe, tafuta mahali namba zilipoanzia, soma tarakimu nne, zishike kichwani, inua macho, bonyeza nne, hakiki kwenye kioo cha mita, rudisha macho kwenye simu, tafuta ulipoishia. Rudia mpaka makundi matano yaishe. Tarakimu zenyewe ni mibonyezo 20, lakini macho yamesafiri kwenda na kurudi walau mara tano, na kila safari ya kurudi ni lazima mtu akumbuke alipokuwa.

Mwaka 1956 George Miller aliandika makala maarufu kuhusu udogo wa kumbukumbu ya muda mfupi, kwamba hushika vitu kama saba, kimoja au viwili zaidi au pungufu. Ndiyo maana mtu hajaribu kubeba 20 kwa mkupuo, anabeba nne. Kwa hiyo tarakimu nne nne si tatizo. Vitufe navyo si tatizo, kwa maana walio wengi hubonyeza sawasawa. Tatizo liko kwenye kurudi. Mtu anaruka kundi, au anarudia lile lile, kwa sababu macho yamepoteza mstari.

Kikundi changu kimoja kilikuja kwangu kikiwa tayari kimechora kibao kipya cha vitufe vikubwa vya rangi. Niliwaomba wahesabu makosa waliyoyashuhudia, moja moja. Karibu yote yalitokea kwenye kurudi. Kibao cha rangi kingewagharimu muhula mzima na kisimsaidie mtu.

Baada ya hesabu ndipo mawazo huja yenyewe. Kama macho ndiyo yanayochoka, kwa nini simu isisome namba kwa sauti, kundi moja, kisha ingoje mtu aguse popote ndipo isome linalofuata? Simu ikisoma kwa sauti haihitaji kutazamwa, kwa hiyo inaweza kuwa tochi wakati huohuo. Ule mgogoro wa simu moja yenye kazi mbili unakwisha hapo. Na mwenye simu ndogo ya kitochi, ambaye hawezi kuweka programu? Kwake kiolesura ni ujumbe wenyewe. Ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160. Tarakimu 20 zilizopangwa mistari mitano, kila mstari na namba yake pembeni, zinaenea na nafasi inabaki. Msidharau suluhisho hilo kwa sababu halina kitu cha kuonyesha siku ya mawasilisho.

Hatua ya 6: Chora kwenye karatasi

Usifungue programu ya kuchorea bado. Ukiwa na picha safi yenye vivuli na rangi, watu watakuambia rangi inapendeza. Ukiwa na karatasi ya manila na peni ya alama, watakuambia hawaelewi. Unahitaji jibu la pili.

Kata kipande chenye ukubwa wa simu. Kila hali ya kioo iwe na karatasi yake: kabla ya kuanza, kundi la kwanza, la pili, mtu akikosea, akimaliza. Mwanafunzi mmoja awe "kompyuta": mtumiaji akigusa, yeye anabadilisha karatasi, kimya. Kwa sehemu ya sauti, mwingine akae nyuma asome namba kila mtu anapogusa. Kumwigiza kompyuta namna hii kuna jina lake vitabuni, Mchawi wa Oz, alilolitoa J. F. Kelley mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtaweza kujaribu kifaa kinachozungumza bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Karatasi ya "mtu akikosea" ichoreni mapema, na ichoreni kwa uangalifu kuliko zote. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Canada dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Chanzo kilikuwa hitilafu za programu, lakini kiolesura nacho kilichangia: kilimwonyesha mtendaji maneno kama "hitilafu 54", bila maelezo, kisha kikamruhusu aendelee kwa kubonyeza kitufe kimoja. Watendaji walikwisha kuzoea ujumbe wa namna hiyo kila siku. Mita ya umeme haitaua mtu, lakini ujumbe wa kosa usiosema kosa ni lipi na lifanyweje una ugonjwa uleule.

Hatua ya 7: Andika Kiswahili cha watu, si tafsiri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo programu nyingi za nyumbani kwetu huharibikia, na hakuna kitabu cha Marekani kitakachokuonya.

La kwanza ni saa. Mtu akikuambia "njoo saa 2 asubuhi", saa ya simu yake inasoma 8:00. Kila msemaji wa Kiswahili huifanya hesabu hii ya sita bila kufikiri, mpaka kiolesura kimchanganye kwa kuandika "8:00 asubuhi". Je, hiyo ni saa nane au saa mbili? Watu wawili watasoma tofauti, na mmoja wao atakosa miadi ya hospitali. Kama unaandika kwa maneno, andika "saa 2 asubuhi". Kama unaandika kwa tarakimu za saa 24, acha "08:00" isimame peke yake bila neno la kipindi cha siku. Usizichanganye kamwe.

La pili ni ngeli. Mtayarishaji aliyefunzwa kwa Kiingereza huandika sentensi moja na kuacha pengo la idadi. Kwetu idadi hugusa sentensi nzima: kifaa 1 kimeunganishwa, vifaa 3 vimeunganishwa, mteja 1 amesajiliwa, wateja 4 wamesajiliwa. Sentensi yenye pengo itatoa "vifaa 1 imeunganishwa", na msomaji atahisi anazungumza na mgeni. Andika sentensi ya umoja na ya wingi, kila moja kamili, kwa kila aina ya kitu.

La tatu ni vitufe. Nimewahi kuona kisanduku kinachouliza, "Unataka kughairi muamala?" na chini yake vitufe viwili: "Ghairi" na "Sawa". Ukibonyeza Ghairi, unaghairi muamala au unaghairi kughairi? Mteja aliyekuwa mbele yangu alishika simu kama sekunde 20, kisha akaizima kabisa. Kitufe kiseme kitendo chake chote: "Simamisha, usitume pesa" na "Endelea kutuma". Ni kirefu, lakini hakimtishi mtu.

Na msamiati uchukue kwenye daftari lako la hatua ya nne. Istilahi za kompyuta kwa Kiswahili zipo na zinaheshimika. Tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, tumekuwa na programu nzima ya ofisi kwa lugha yetu. Lakini kama wateja wako wote husema "namba ya siri", usiwaandikie "nywila" ili kumfurahisha mhadhiri. Na ukivuka kwenda Mombasa, watu watakuambia "nambari". Uliza.

Hatua ya 8: Jaribu na watu watano

Mwaka 1993 Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba kama kila mtumiaji hufichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo, watano watafichua kama asilimia 84 au 85. Ikokotoe mwenyewe: 0.69 kwa kipeo cha 5, toa kwenye 1. Hesabu hiyo inahusu watu watano wa kundi moja. Wazee wa kijijini na wanafunzi wa chuo ni makundi mawili, kila moja lina watano wake. Na ni bora watano leo na watano baada ya kurekebisha, kuliko kumi kwa siku moja.

Njia ya kawaida ni kufikiri kwa sauti, ambayo Clayton Lewis aliileta katika fani hii mwaka 1982: mtu anafanya kazi huku akisema anachokiwaza. Kwetu ina ugumu. Mtu mzima kuongea peke yake mbele ya mgeni ni jambo la ajabu, na kukosoa kazi ya mtoto wa watu ni kukosa adabu. Salimia kwanza kama inavyopasa, shikamoo na marahaba, uliza hali za nyumbani, kisha sema kitu kama hiki:

"Mama, leo hatukupimi wewe, tunaipima hii karatasi. Ukikwama, karatasi ndiyo imekosea, na tutashukuru kujua. Walioichora wengine hawapo hapa, kwa hiyo iseme tu usivyoipenda. Utakapokuwa unafanya, naomba useme unachokiona na unachokitafuta, kama vile unamwelekeza mtoto jikoni."

Kama bado anaona haya, waketishe wawili wanaofahamiana, jirani na jirani yake, wafanye pamoja. Watabishana wenyewe, na mabishano yao ndiyo mawazo unayoyatafuta. Naomi Miyake wa Japani alieleza nguvu ya mazungumzo ya watu wawili namna hiyo mwaka 1986. Mimi sasa naanza na wawili karibu kila mara.

Kazi unayompa iseme kwa lugha ya maisha: "Umeme umekwisha, umetumiwa namba hizi, washa taa." Usitumie neno lililoandikwa kwenye kitufe, maana utakuwa umemwonyesha njia. Akikuuliza, "Nibonyeze hapa?" mjibu, "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Kisha hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo tena. Kumi hizo ni ndefu. Mwanafunzi aliyelelewa vizuri huumia kumwona mama anahangaika na yeye ameketi tu. Vumilia, na umsaidie kwa moyo wote jaribio likiisha.

Soda au vocha ya shukrani iandae mapema kutoka kwenye bumu lako, yaani pesa yako ya mkopo wa chuo, na mpe hata aliyeacha katikati.

Hatua ya 9: Pima vitu vitatu

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa 2018, kinataka ujue kama mtu alifanikiwa, kwa gharama gani ya muda na juhudi, na kama aliridhika. Kwa mawili ya kwanza, saa na daftari vinatosha. Kwa la tatu, wengi hutumia hojaji ya SUS ya John Brooke: kauli 10, kila moja hujibiwa kwa 1 hadi 5. Kwa kauli za witiri toa 1 kwenye jibu. Kwa za shufwa toa jibu kwenye 5. Jumlisha zote, zidisha kwa 2.5. Mtu aliyejibu 4, 2, 4, 2, 4, 3, 4, 2, 3, 3 anapata 14 kwa witiri na 13 kwa shufwa, jumla 27, yaani 67.5. Hiyo si asilimia. Wastani unaotajwa na wengi ni 68, kwa hiyo mtu huyu anasema chombo chako ni cha kawaida tu.

Kuwa mwangalifu na hojaji hiyo. Kauli zake za shufwa ni za kukosoa, na mtu mwenye adabu huwa mzito kukubaliana na kauli ya kukosoa mbele ya aliyetengeneza. Isomwe na mtu asiyejulikana kuwa wa kikundi. Alama ikiwa 90 na daftari lina S nane, amini daftari.

Vitu vinavyopimika bila mtu, vimalize kabla ya jaribio: maandishi yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi, na vitufe viwe vikubwa, vikae karibu na kidole. Paul Fitts alithibitisha mwaka 1954 kwamba kadiri lengo lilivyo dogo na mbali ndivyo mkono unavyochelewa kulifikia.

Hatua ya 10: Andika ripoti, kisha rudi kwa watu walewale

Kila tatizo lipe daraja la Nielsen, 0 likiwa si tatizo na 4 likiwa janga lisiloruhusu chombo kutoka. Eleza lilipotokea, wangapi liliwapata, na utalibadilishaje. Pitia sentensi zako zote na ufute kila mahali ulipoandika "mtumiaji alishindwa". Andika kilichomzuia. "Mtumiaji alishindwa kuendelea" haikupi cha kurekebisha. "Kioo kilizimika baada ya kundi la tatu na hakikuonyesha alipoishia" inakupa.

Halafu rekebisha, na urudi. Mwanafunzi mwenzako atakuambia muhula umekwisha na alama zimeshatoka. Rudi hivyohivyo.

Sisi tulirudi kwa jirani yangu na simu iliyokuwa inasoma namba kwa sauti, toleo la pili. Alipanda kigoda, simu mkono wa kushoto ikimulika, kidole cha kulia kwenye vitufe. "Nne, saba, sufuri, moja." Akabonyeza, akagusa kioo kwa kidole gumba, ikaendelea. Kwenye kundi la nne akasimama, akageuka kunitazama, na nikajiandaa kuandika S.

"Hii simu yenu ina haraka mno," akasema. "Iambieni isome polepole."

Nikaandika kwenye daftari: kasi.